Kabla Jua Halijazama: Mama Marie-Thérèse Lombe

Padri wetu, ndugu, majirani wa Kampemba, nanyi nyote mliolala nasi kwenye kilio, mimi Paulin, mtoto wake wa kwanza, nawasomea maisha ya mama yetu, na anayetaka kucheka acheke, kwani tangu jana wajukuu wamevaa vitambala vyake vya kichwa na wanabisha milango ya mtaa mzima kama alivyofanya yeye.

Mama Marie-Thérèse Lombe alizaliwa Kasenga tarehe 9 Juni 1953, binti wa mvuvi wa mto Luapula, akasoma shule ya msingi kwa masista hukohuko hadi mwaka 1966, kisha akaja Lubumbashi, ambako tarehe 21 Agosti 1971 alifunga ndoa na baba yetu Clément, mfanyakazi wa reli, wakajaliwa watoto watano, naye akauza samaki wakavu sokoni Kampemba, kwa sauti ambayo wote mnaikumbuka.

Tusifichane, mama alikuwa mkali, aligombana na wateja, na majirani, hata na mwalimu wa kwaya, lakini alilishika neno la Mtume Paulo kwamba jua lisizame tukiwa bado na hasira, basi kila alipokosana na mtu, jioni alifunga kitambala, akachukua samaki, akaenda kupatana.

Mtu mmoja tu alimshinda, mdogo wake Abigaïl wa mtaa wa Kasungami, aliyemfungia mlango mwaka 2016 kwa sababu yeye aliamua mama yao azikwe Lubumbashi badala ya Kasenga, na kila Jumapili baada ya misa mama alisimama pale nje akiita, "Abigaïl, fungula, juba iko naingia," yaani jua linazama, akaacha samaki mlangoni na kurudi, na jambo hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2025, na alasiri ya tarehe 3 Mei, mama akiwa hospitalini, Abigaïl aliingia na bakuli la samaki aliyempikia mwenyewe, akasema, "Yaya, nimekuya, juba iko yulu," yaani dada, nimekuja, jua bado liko juu, wakalia, wakacheka, wakala pamoja, mama akalalamika kwamba chumvi haitoshi, na tarehe 5 Mei akatuaga, uso wake umetulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wauza samaki wenzake walioacha meza zao leo, na mama mdogo Abigaïl, aliyeketi hapa karibu na jeneza, kichwani amefunga kitambala cha dada yake.

Pumzika kwa amani, Mama, hakuna tena mlango uliobaki wa kubisha.