Nyumba ya Akina Wollstein

Njooni karibu, wanangu, Detlef na Hannelore, na zimeni hiyo redio, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Nyumba hii mnayopanga kuiuza nikishazikwa ni ya akina Wollstein, na nyote wawili mnajua. Baba yenu Alwin alikuwa mchoraji ramani katika ofisi iliyopanga Berlin mpya ya Kiongozi, yule aliyetupeleka vitani, yenye barabara pana kama uwanja wa ndege na kuba refu kupita makanisa yote, na siku alipoleta ramani nyumbani nikamwambia, "Alwin, barabara yako imepita juu ya jiko langu!" Akacheka: "Tulia, mama, utapata jiko kubwa zaidi."

Mtaa wetu ukabomolewa, tukapewa funguo za hapa, karani akasema nyumba "imeachwa wazi." Neno hilo tukalishika, tukawafundisha na ninyi, ingawa vyombo vyao vilikuwa bado kabatini na mnavilia chakula hadi leo. Kile kijisanduku kwenye mwimo wa mlango tulidhani ni kengele mbovu, Alwin akakipaka rangi, na wageni tukawaambia, "Hiyo haifanyi kazi, gonga tu." Siku kilipobanduka, ndani mlikuwa na sala ambazo Wayahudi huweka milangoni mwao.

Barabara haikujengwa, wala kuba. Palipokuwa na jiko langu pameota majani. Katika mji ule wote wa kwenye ramani, kilichotimia ni kuwatoa akina Wollstein humu. Walipakiwa kwenye treni, wakapelekwa kambini kuuawa. Akarudi binti yao Edith, peke yake.

Asubuhi amepiga simu, nikakusikia, Detlef: "Mama amelala, bibi. Na hapa hajawahi kukaa mtu wa jina hilo." Sikulaumu, mwanangu, umejifunza kwangu. Na wewe, Hannelore, usininong'oneze habari za mwanasheria. Ameshakuja, nimeshatia sahihi, nyumba ni ya Edith. Mnaweza kupinga mahakamani, labda mtashinda. Nawaomba msipinge. Mkabidhini funguo mkononi, na akiuliza, msitafute neno zuri.

Mungu awape makazi ambayo mkigongewa mlango hamtashtuka.

Maji... hapana, acha. Simu kwanza. Namba ameacha. Detlef, mpigie. Mwambie, "Njoo nyumbani kwenu." Sema hivyo hivyo. Kwa sauti... nisikie.