Mama Honorine, Nyota ya Makala na Koti la Zéphirin

Kabla hatujamrudisha mavumbini, mtuvumilie kidogo tuseme huyu mtu wetu alikuwa nani.

Mama Honorine Chola alizaliwa Kamalondo, mtaa wetu huu wa Lubumbashi, tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa Mzee Mwenya, mshonaji, na Mama Mukuka. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Ukimwambia jambo, alikuuliza, "Nani ameona?" Wazazi walichoka, Mungu awarehemu.

Alisoma shule hapo hapo mtaani, kisha fizikia kwenye chuo kikuu kule Kasapa, halafu Ubelgiji kwa udaktari wa fizikia hiyo hiyo. Huko alijifunza kuutandaza mwanga wa nyota uwe rangi rangi kama upinde wa mvua, na kusoma giza lililo katikati ya rangi hizo. Ndivyo mtu anavyojua nyota ipi imejaa kaboni, ile iliyomo hata ndani ya makala, yaani makaa, ya jikoni. Nyota hizo ni haba. Alirudi mwaka 1988, akafundisha Kasapa hadi uzeeni, huku akizipanga nyota zake, kila moja na kundi lake.

Tarehe 22 Desemba 1990 alifunga ndoa na Zéphirin Mulenga, fundi wa reli, nao wakajaliwa binti mmoja, Abigaël. Majirani walipomuuliza kazi ya mkewe, Zéphirin aliwajibu, "Bibi yangu iko natafuta makala ku mbingu." Basi makala yakipanda bei sokoni, watu walimtania mama awashushie gunia moja. Wakati wa baridi Zéphirin alimngoja kwenye lango la chuo, koti lake la reli mkononi, maana mama hakukumbuka baridi mpaka imempata.

Kulikuwa na nyota moja ndogo iliyomsumbua. Ilikuwa na kaboni, na nyota ndogo namna ile haiwezi kujipikia kaboni. Wenzake walisema ilipewa na mwenzake, nyota kubwa iliyokuwa kando yake, ikazeeka, ikafa. Mama akauliza lile lile lake: nani amemwona huyo mwenzake? Akaiweka kwenye kundi la zenye mashaka.

Zéphirin alituacha tarehe 4 Oktoba 2011. Nguo zake ziligawiwa ndugu, kama ilivyo desturi, lakini koti mama alilificha. Mwaka ulipotimia, shemeji zake wakaja kutosha kilio, yaani kumaliza matanga, wakamvua nyeusi, wakamvika kitenge kipya. Kesho yake akaenda kazini na koti la reli. Walipomsema, akajibu anasikia baridi. Oktoba hiyo, joto la Lubumbashi mnalijua wenyewe. Alimtamani mumewe, wala hakuficha.

Hapo ndipo alipoirudia ile nyota ndogo. Alimwomba Nono, mwanafunzi wake wa zamani aliye kwenye darubini kubwa Afrika Kusini, aifuatilie. Ilichukua miaka. Figo zilimshika mwaka 2023, na kila alipotoka hospitali aliuliza kwanza habari za nyota yake.

Jumapili tarehe 8 Juni 2025, Nono alipiga simu. Abigaël alimshikia mama simu sikioni.

"Mama, nyota yako haiko yenyewe. Inaenda, inarudia, mwenzake iko naivuta. Ule alishakufa, hatuone mwanga yake, lakini iko pale."

"Nani ameona?"

"Miye, Mama."

Kisha akamwambia binti yake, "Uniletee ile koti."

Alifariki asubuhi yake, Jumatatu tarehe 9.

Ameacha binti yake Abigaël na mkwewe Aaron, wajukuu wawili, mdogo wake Michelle, wanafunzi wengi, na shemeji zake. Hao shemeji ndio waliomvisha koti hilo jana, wakalifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Leo anawekwa ubavuni mwa Zéphirin wake. Apumzike kwa amani, na baridi isimpate tena.