Daftari Jeusi la Mwalimu Anaeli

Ndugu waombolezaji, mimi ni Nanyori, mdogo wa marehemu. Nasoma wasifu wake huku nikiwatazama mmoja mmoja, maana daftari jeusi la kaka yangu halijaonekana tangu Jumapili.

Mwalimu Anaeli Sumari alizaliwa tarehe 14 Juni 1958 hapa Poli, Meru, wa kwanza kati yetu wawili. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari mjini Arusha, na mwaka 1980 akahitimu ualimu. Mwaka 1983 aliomba nafasi chuo kikuu. Enzi hizo barua zilikuja kwa sanduku la kanisa; majina yaliitwa baada ya ibada, na ndugu yeyote angeweza kuitikia na kupokea. Barua ya Anaeli haikumfikia. Wengi tulimnyooshea kidole Mzee Lesian aliyekuwa akiita majina.

Basi kaka akabaki. Alifundisha Kiingereza Tengeru, kisha Themi, hadi alipostaafu mwaka 2018. Alisifika kwa vile vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili mawili vinavyowatoa watoto jasho, alivyowafundisha kwa sentensi za "mtu ambaye" na "mama ambaye". Mifano hakuitoa kitabuni, aliitoa kwetu sisi, kwa mambo tuliyodhani hayajulikani. Siku moja ya wazazi aliandika ubaoni habari za mtu aliyetoweka na mkungu wa ndizi wa mchungaji. Wazazi watatu waliaga mapema. Sentensi zote alizinakili kwenye daftari lile.

Alifunga ndoa na Elizabeth tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa watoto wawili.

Kisukari kilimwanza mwaka 2015, na mwaka jana figo zikachoka. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Machi 2025. Kesho yake Mwalimu Sankale, aliyefundisha naye Themi, alifika msibani, na hata kofia hajavua akamuuliza Elizabeth:

"Pole sana mama. Lile daftari mmeliweka pazuri?"

Nikamtilia shaka hapo hapo. Elizabeth naye akanivuta pembeni.

"Wifi, nani aliingia chumbani?"

"Waulize waliokuja na vikapu," nikamjibu.

Waovu hukimbia wasipofuatiwa na mtu. Haya ninayosema sasa hayamo kwenye kijitabu mlichoshika. Daftari ninalo mimi, kwenye mkoba huu; Mwalimu Sankale nilimsingizia tu. Nililichukua ili nione kama nimo. Nimo, ukurasa wa mwisho, kwa Kiingereza chake: dada aliyeizuia barua yangu ndiye aliyemtunza mama.

Ni mimi niliyeitikia jina lake kanisani Jumapili ile ya barua. Mama alikuwa hoi kitandani, nikaogopa kuachwa naye peke yangu. Kaka alijua, akaendelea kula chakula changu miaka yote bila kuniuliza. Naona aibu. Watoto wa Mzee Lesian, nisameheni. Baba yenu hakuwa na kosa.

Wifi, chukua daftari lako.

Marehemu ameacha mjane, watoto wake Lucky na Blessing, wajukuu wanne, na mimi. Kaka, mara ile uliitwa nikaitikia mimi. Safari hii umeitikia mwenyewe. Pumzika kwa amani.