Mama Dorothée Kasoki, Mtunza Kipoyi wa Ngungu (1957–2013)

Ndugu na majirani mliopanda kilima hiki na matope miguuni, Mama Dorothée alizaliwa Kyondo, karibu na Butembo, tarehe 3 Aprili 1957, binti wa tatu wa Papa Evode na Mama Jeannette. Alisoma huko huko hadi mwaka wa pili wa sekondari. Akili alikuwa nayo, ila mwalimu alimpigisha magoti mara nyingi kwa kosa moja: kila asubuhi aliwasimulia wenzake ndoto zake, na darasa zima likasahau kuandika. Tabia hiyo hakuiacha. Nyumbani, wadogo zake hawakugusa chai kabla ya kusikia alikotembea usingizini.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na Papa Katembo Michel, dereva wa lori, mtu mpole asiye na haraka hata kwenye mteremko. Mwaka 1981 walihamia Ngungu, wakafungua duka la chumvi, sabuni na vitenge. Mungu aliwapa Henri, Émilienne na Aimée. Dukani humo ndimo kilimotundikwa kipoyi, machela ya mianzi ya kubebea wagonjwa hadi kituo cha afya, maana barabara yetu mnaijua. Kila nyumba ilitoa wabebaji kwa zamu, na Mama ndiye aliyeshika orodha.

Tarehe 11 Juni 1999 watu wenye silaha walimuua Papa Michel kwenye barabara ya Rubaya. Benoît, jirani wa Mama na Papa, ndiye aliyewaonyesha wauaji hao alikopita. Kwa miaka tisa Mama hakumsalimu. Karibu kila usiku alimwota mumewe amesimama kwenye ukungu, amempa mgongo. Alimwambia Émilienne:

— Nikimusamehe Benoît, papa yenu hatarudia tena mu ndoto. Mi nitabakia na nini?

Novemba 2008, Gaëlle, binti wa Benoît, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Benoît alikuja dukani, kofia mkononi. Mama akamjibu, "Kipoyi imevunjika," nacho kinaning'inia nyuma yake, kizima kabisa. Benoît alimbeba binti yake mgongoni kwenye mvua. Mtoto alizaliwa njiani, akaishi siku mbili. Mama mwenyewe ndiye aliyeagiza jambo hili lisomwe leo, bila kupunguzwa.

Baada ya mtoto yule kuzikwa, Mama alienda kwa Benoît, akasimama mlangoni.

— Nilikudanganya. Kipoyi ilikuwa muzima.

— Niliiona, Mama. Ilikuwa nyuma ya mugongo yako.

— Na haukusema kitu?

— Ningesema nini? Mi pia walinitia bunduki ku kichwa, njo nikawaonesha barabara. Ingia, mvua iko inanyesha.

Aliingia. Walilia hadi chungu cha maharagwe kikaungua jikoni. Tangu siku hiyo Papa Michel hakuja tena ndotoni, na Mama alimlilia upya, kama mjane wa jana. Ilimuuma sana. Kisha polepole akaanza kulala hadi jua linatoka, jambo ambalo watoto wake walikuwa hawajaliona kwa miaka.

Mwaka 2012 daktari alimwambia kwamba uvimbe wa tumboni hautapona. Alirudi nyumbani akatengenezesha vipoyi vingine viwili, akawafundisha wamama wa Ngungu kushika orodha. Walipomsihi apumzike, alicheka:

— Nitapumzika sana! Siku zimebakia kidogo, sitazipoteza na kasirani.

Mama alipobebwa kwa kipoyi mara ya mwisho, Benoît alishika mwanzi wa mbele, na Mama akamkaripia njia nzima kwa kukimbia kama bwana arusi aliyechelewa. Alifariki kituoni tarehe 14 Mei 2013, alfajiri, akiwa na miaka hamsini na sita.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake Jean-de-Dieu anayewasomea haya. Ameacha pia binti mwingine wa Gaëlle, mwenye miaka miwili. Walipomwomba Mama ampe mtoto huyo jina lake, alikataa mara mbili, akisema jina lake halistahili kuitwa katika nyumba ile. Mara ya tatu Gaëlle hakuomba. Alimweka mtoto mapajani pake, akamwambia:

— Shika Dorothée wako.

Udongo wa Ngungu umpokee polepole, na Mungu ampumzishe kwa amani.