Asidi Niliyotia Betri za Dispanseri

Ndugu zangu, mama zangu, mafundi wenzangu wa mtaa wetu wa Jabe, assalam alaikum. Mumenipa nafasi ya kusema hapa uani kwa msikiti, na munanijua, mi nikianza sijui kufupisha. Nivumilieni.

Nianzie mbali. Nilipokuwa kijana nilikuwa nabeba saruji kwenye nyumba moja ya Kinindo, kando ya ziwa. Asubuhi moja kiboko alitoka ziwani, akaingia bustanini, akala majani kama amealikwa. Bwana mwenye nyumba akakimbilia gari lake na pijama. Gari likasema khe, khe, khe, likanyamaza. Betri imekufa. Amefunga vioo, ananipungia mkono nimuokoe, na mi niko juu ya ukuta! Kiboko alishiba, akarudi majini bila kumutazama mutu. Basi mzee mmoja wa Kiarabu, mwenye duka la vipuri, akaitwa alete betri nyingine, nikamubebea. Akasema, "We una mikono. Kuja dukani." Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya betri, na humo nimezeekea.

Kazi yangu munaijua. Watu wa milimani walikuwa wanashusha betri zao, za redio, za taa, za mashine za kunyoa, mi nachaji kwa jenereta, wanapandisha. Kwao nyaya zinapita juu ya migomba, lakini umeme wenyewe unakuja kama mugeni: hasemi anafika lini, na hakai. Nawaambia ukweli, nilipenda iwe hivyo. Umeme ukipotea mlimani, kwangu sufuria inachemka. Mutu wa sala tano, na nafurahia giza la wenzangu. Astaghfirullah.

Kisha mazutu, mafuta ya dizeli, ikakosekana mjini, jenereta yangu kuku wakailalia. Na watu wakaanza kununua plaki za jua, yale mabamba ya kuvuta umeme juani, wateja wakapungua. Ndipo akaja muganga mmoja, mama wa makamo anayesimamia dispanseri ndogo mlimani. Amepata plaki, anatafuta fundi wa kuziunga na frigo ya kuweka baridi chanjo za watoto, maana umeme wa nyaya unamuangusha.

"Mzee, kazi ya jua unaijua?"

"Mama, betri ni betri. Mi nimezizoea kuliko wanangu."

Sikuijua. Lakini nani hapa Jabe amewahi kumwambia mteja "sijui"? Munacheka? Mujicheke wenyewe.

Nikamuwekea betri za lori, nzuri, zinang'aa. Frigo ikanguruma. Nikapewa mukungu wa ndizi, nikashuka.

Mwezi haujaisha vizuri, simu. "Mzee, asubuhi nakuta frigo imekuwa kabati."

Nikapanda. Nikafanya tunachofanya sisi: betri ikichoka, tunaitia asidi ipate nguvu. Betri ya gari inaamka, mteja anafurahi, halafu siku si nyingi anarudi, na kurudi kwake ndiyo chakula chetu. Hata zile ziliamka. Baada ya wiki mbili zikalala. Nikatia asidi tena.

Mara ya tatu nilifika siku ya chanjo. Wamama wamejaa uani, watoto mgongoni, na muganga anawaambia warudi nyumbani, dawa zimepata joto, ni za kutupa. Mama mmoja aliyetembea tangu alfajiri alinipisha njiani, akaniambia, "Pole na mulima, papa." Hakujua mi ni nani. Ningependa angenitukana.

Wakubwa wa pale walikuwepo. Wakauliza kosa ni la nani. Na mi, ndugu zangu, mutu mwenye mvi, nikajibu: "Muganga anaruhusu watu kuchaji simu. Wanamaliza betri." Uongo mutupu. Muganga akaanza kukusanya chupa za dawa za kutupa. Wakamwambia muganga kwamba fundi mwingine ataletwa aangalie, na kama ni kweli, kazi hana.

Wiki ile sala zangu zilikuwa za mdomo. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, akaniuliza, "Una nini, sahani inarudi vile ilivyokwenda?" Nikamusimulia yote. Akasema, "Sasa mi unaniambia ya nini? Ni mi ulinisingizia?" Akanipa kofia yangu. Nikapanda mulima.

Fundi aliyeletwa ni mwanamke, umri wa binti yangu wa mwisho. Akafungua kifuniko cha betri, akavuta maji yake kwa kipimo cha kioo cha kupimia asidi, akakiinua juani.

"Nani ametia asidi humu?"

Hakuna aliyeniangalia, maana wale wengine hata asidi hawaijui. Ningenyamaza, lawama ingebaki kwa muganga, naye angefungasha vitu vyake.

"Ni mimi," nikasema. "Na betri hizi si za kazi hii, na sikujua. Simu hazina kosa. Huyu mama nilimusingizia."

"Mzee muzima!" mukubwa mmoja akafoka. Kweli, muzima. Muganga hakufoka. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. "Kunywa, mzee. Mulima ni murefu."

Nikauza jenereta na machaja, zikapatikana betri zinazofaa. Kisha nikamuomba yule fundi anifundishe. Akacheka: "Papa, ngazi ya kupandia plaki utaibeba?" Niliibeba. Nikajifunza kwamba betri ya gari inasukuma mara moja inapumzika, ya jua inatoa polepole usiku kucha. Kwamba ikikauka inapewa maji yaliyochujwa, asidi kamwe. Kwamba plaki ikijaa vumbi ni kama jua halipo. Kila asubuhi joto la frigo linaandikwa. Kuandika kwangu ni shida, lakini namba nazijua.

Alhamdulillah, muganga yuko kazini na chanjo ziko baridi. Namushukuru yeye, namushukuru yule binti aliyeniita mwanafunzi bila kunidharau, na bibi yangu na ile kofia. Na ninyi, mteja akiwauliza kazi musiyoijua, mwambieni hamuijui. Atakwenda kwa jirani, ndiyo, inauma. Lakini hamutakutana na wamama wale.

Siku yangu ya mwisho kibandani kwangu, pale nilipokuwa nachaji, mutu alileta betri. "Mzee, itie asidi kidogo." Nikasema apana, nikamueleza, akaondoka amenuna. Nikachukua ngazi kumufuata yule binti kwenye kazi ya plaki. Jirani yangu muuza viatu akaniuliza, "Unarudi saa ngapi?"

"Sirudi."

Akadhani natania. Naambiwa mpaka leo anafuta vumbi benchi langu kila asubuhi. Mumwambie alikalie yeye.