Ng'ombe Aliyekuwa Moyo wa Jeshi

MODESTE: Haloo? Haloo! Hii namba ni ya nani?

BÉNITA: Ni miye, Bénita. Simu yangu imezima, nimekamata ya dada Umwiza.

MODESTE: Ah... Bénita. Habari ya Keshero?

BÉNITA: Nzuri tu. Mama yako muzima?

MODESTE: Muzima, ameenda sokoni. Na kwenu?

BÉNITA: Tuko. Tangu dimanche, siku ya mchezo, umenipotea, hata message moja!

MODESTE: Kazi, Bénita. Kazi na— [kelele za mtandao] —hapa Ndosho rezo ni mbaya. Kama hunisikii, tuongee siku ingine—

BÉNITA: Ninakusikia muzuri sana. Usikate.

MODESTE: Sikati.

BÉNITA: Sikupigi juu ya kugombana. Vita ya meza ni mchezo tu, na ulishinda. Lakini uniambie kitu moja. Mwenye bendera nilimuweka katikati, nikamuzungushia askari wangu wote wazuri. Kila mutu pale kwa atelier, ile karakana ya Rodrigue, alijua ndiye moyo wa jeshi langu. Hata Rodrigue mwenyewe, na yeye ndiye alitunga mchezo! Bihogo wangu, ng'ombe wa muti, moyo wa kweli, nilimuficha nyuma kabisa, kati ya punda za mizigo, na muchungaji mumoja. Nani anapoteza nguvu yake kwa punda za mizigo?

MODESTE: Ni bahati.

BÉNITA: Ukapitisha moto zako zote, pikipiki zote, nyuma ya mawe, ukamuacha mwenye bendera anashangaa kama bwana harusi bila bibi—

MODESTE: Ma-dé, zile kete, ilinipenda ile siku. Bahati tu, nakuambia.

BÉNITA: Haya, bahati. Modeste, ninaomba uniazime Bihogo.

MODESTE: Kukuazima?

BÉNITA: Siku moja tu. Sheria ninaijua: moyo ukianguka, vita imekwisha, na unaenda kulala kwa mushindaji. Tena sheria inasema moyo ukuwe kitu kimechongwa kwenu, kitu unaogopa kupoteza. Nani alinituma kumuleta? Ni kichwa yangu ngumu. Lakini kesho banaleta mahari ya Umwiza.

MODESTE: Kesho! Félicitations...

BÉNITA: Aksanti. Sasa unajua kwetu, ng'ombe wa mahari lazima asifiwe mbele ya wageni, jina yake, mwendo yake. Na siku hizi ng'ombe anakuja ndani ya anveloppe, ni pesa tu. Koko, babu yetu, anasema yeye hasifu karatasi. Ng'ombe zake za kweli zilibakia Masisi, hatujui ziko kwa nani. Basi anasifu Bihogo, ule alichonga mwenyewe. Macho yake imekwisha, Modeste. Anapitisha vidole kwa pembe, ndiyo maneno inakuja.

MODESTE: Kwa pembe.

BÉNITA: Pembe ndiyo wimbo yote. Nitume mutu wa moto na pikipiki yake akuje kumuchukua sasa hivi?

MODESTE: Hapana! Usitume. Siko nyumbani.

BÉNITA: Ninasikia kuku ya mama yako.

MODESTE: Niko nyumbani, lakini... nilikuwa natoka.

BÉNITA: Modeste. Umeshamugeuza?

MODESTE: Sheria inaruhusu! Mushindaji anaweza kugeuza mateka, akuwe wa jeshi lake. Wewe mwenyewe ulichukua muzinga wa Gradi, ukaupaka bleu—

BÉNITA: Nilipaka rangi. Rangi inatoka na petroli. Ni rangi tu, hein?

MODESTE: Kuku hizi za mama, ngoja nizifukuze kwanza.

BÉNITA: Rangi tu?

MODESTE: Haloo? Bénita? Rezo inakata—

BÉNITA: Haikati. Ninasikia unapumua.

MODESTE: Ni rangi. Rangi kidogo.

BÉNITA: Mungu wangu, ulinitisha! Basi ngoja, koko anataka kukusalimia.

MODESTE: Usimusumbue muzee wa watu, Bénita, sikia kwanza—

MUZEE NTIRENGANYA: Haloo! Ni ule kijana wa maziwa?

MODESTE: Ndiyo, koko. Jambo sana.

MUZEE: Ulikunywa kwangu, ukaongezewa, ukaongezewa tena! Tumbo halikupasuka?

MODESTE: Halikupasuka, koko.

MUZEE: Banasema Bihogo ni mateka kwako. Nimefurahi. Kama ni lazima aanguke, afadhali kwa mutu mwenye nilimuonyesha.

MODESTE: Koko... Bénita anasikia?

MUZEE: Eko hapa, sikio yake iko kwa simu. Kwani ni siri? Ile siku ya maziwa nilikushikisha Bihogo mukononi, nikakuambia: mujukuu wangu anamufanya moyo wa jeshi yake, anamuficha kati ya punda. Nilikuambia ili umuchunge. Nyinyi vijana munatupa mawe pale kwa meza kama wendawazimu. Nikasema, mumoja akijua, atamupita mbali. Ulimuchunga?

BÉNITA: Koko, leta simu.

MUZEE: Ngoja, mama, sijamaliza. Kijana, eko karibu na wewe?

MODESTE: Eko hapa kwa meza.

MUZEE: Basi nisaidie, nataka kujaribu maneno ya kesho. Pitisha kidole kwa pembe ya kushoto. Karibu na ncha kuna nafasi kisu kiliniteleza. Pale ndiyo naanzia. Ukifika, uniambie.

MODESTE: Koko...

MUZEE: Umefika?

MODESTE: Hakuna pembe, koko.

BÉNITA: Nini?

MODESTE: Nilizikata. Nilitaka afanane na punda, nimufiche vile Bénita alimuficha, akuwe moyo wa jeshi langu. Mama akafagia, akatupa yote ndani ya jiko. Nilijua umeniaminia, koko, na nikamupiga vile vile. Niko na haya sana.

BÉNITA: Modeste! Ulikunywa maziwa ya koko, halafu—

MUZEE: Nyamaza, mama. Kijana, uko?

MODESTE: Niko. Nitachonga zingine, koko. Usiku huu huu nitachonga—

MUZEE: Hapana. Utamuleta vile eko. Na kesho utaketi karibu yangu, mbele ya wageni. Vidole vyangu vikifika kwa kichwa vikose, wewe ndiye utasema pembe zilikuwaje.

MODESTE: Miye? Mbele ya batu? Koko, siwezi—

MUZEE: Nani mwingine? Ni wewe uliziona mwisho. Anza sasa, nisikie. Zilikuwaje?

MODESTE: Zilikuwa... zilikuwa ndefu. Zilipanda juu, halafu... Sikuziangalia, koko. Nilikuwa naangalia kisu.

MUZEE: Eeh. Basi jioni hii kaa chini, ukumbuke. Mama, kamata simu, mukono umechoka.

BÉNITA: Modeste, ma-unité ya simu ya Umwiza inaisha. Kesho saa tatu asubuhi, usichelewe, uvae shati ya kola. Na usimuguse tena na kisu, unanisikia? Hata kama ni kumusaidia. Hata—

MODESTE: Bénita? Ule analia nyuma yako ni koko? Bénita! [Simu imekatika.]