Chupa ya Mtoto wa Happiness

Benchi langu lipo Makote, kwenye njia ya Newala. Limegongwa kwa mbao za mkorosho, kwa hiyo limepinda, na wanaolikalia wamepinda vilevile. Mimi nauza kahawa, wao wananilipa nusu kwa hela na nusu kwa maneno. Juzi asubuhi nilikuwa nimempakata mjukuu wangu wa miezi minne. Mama yake, Happiness, amerudi kazini mjini, ananiachia maziwa aliyokamua ya kutosha mara mbili tu hadi jioni. Nimeshapasha ya mara ya kwanza, nimeshayamimina kwenye chupa niliyonunua mnadani Masasi, mtoto ameshafungua mdomo, Khalfan akanishika mkono. Huyu tunamwita Bando, maana simu yake haiishiwi intaneti.

— Bibi, subiri. Chupa hiyo ni plastiki ngumu?

— Ngumu kuliko kichwa chako.

— Basi nasoma hapa. Nyingi za namna hiyo zilitengenezwa kwa kemikali inaitwa bisfenoli. Ikipata moto inatoka, inaingia kwenye maziwa. Ulaya wameipiga marufuku kwenye chupa za watoto tangu mwaka elfu mbili na kumi na moja. Sasa wameikataza hata kwenye makopo ya vyakula.

— Inamfanya nini mtu?

— Inajifanya homoni. Inaingia mwilini kama mgeni, halafu inaanza kutoa amri.

Nikaiweka chupa chini. Mtoto akaanza kulia.

Fikirini akakohoa. Tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu kagombea uenyekiti wa kijiji mara tatu na kuanguka zote.

— Fitina za biashara. Mzungu kashindwa bei na Mchina, kazua sumu. Na hata ikivuja, ubaya uko wapi? Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi.

— Mchukuzi hapa ni nani, Mheshimiwa? Anayemeza kilichovuja ni huyu.

— Methali haijibiwi, bibi.

Nikolao, mpuliza dawa ya mikorosho tunayemwita Salfa, akasimama na kikombe chake.

— Mnajua wanatafuta nini cha kuweka badala yake? Mafuta ya ganda la korosho. Nimesikia kwa wabanguaji, pale Lukuledi.

— Yale yanayobabua mikono? nikauliza.

— Hayohayo. Yanaingia kwenye rangi, kwenye gundi, mpaka kwenye breki za gari.

Hapo benchi likachemka kuliko birika langu. Maganda tunayotupa kila msimu! Mheshimiwa akahama upande kabla hajameza funda.

— Basi sumu ipo. Tena kali. Nilikuwa nawapima tu. Tufungue kiwanda hapahapa.

— Meli zije Mtwara kubeba maganda, akasema Salfa.

— Korosho tuwape bure, akasema Bando, ganda tuwauzie kwa mnada.

— Na chupa za watoto tutengeneze wenyewe, akamalizia Mheshimiwa. Kwa mafuta ya korosho. Mwenda pole hajikwai.

— Kitu kinachobabua kiganja cha mbanguaji, nikamwambia, unataka akinyonye mtoto asiye na jino.

Ziada, mke wa fundi baiskeli, alikuwa amesimama pembeni muda wote na hela yake ya kashata.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba.

— Naomba kuuliza. Walipozikataza kule, zile zilizokuwa zimeshatengenezwa walizipeleka wapi?

Salfa akakaa. Bando alipapasa simu, akapapasa tena, akaifunika juu ya paja. Macho yao yote manne, na mawili ya Mheshimiwa, yakashuka kwenye chupa yangu.

Nikayamwaga maziwa chini. Nimelea saba, sijawahi kumwaga maziwa ya mtu. Nikachukua kikombe cha kahawa kilichokuwa mbele ya Mheshimiwa, nikakisuuza kwa maji yanayochemka, kikapoa, nikamimina maziwa yaliyobaki, yale ya mara ya pili. Mtoto alikunywa kwa ukingo, funda kwa funda, mengine akaniachia kwenye kitenge.

— Bibi, niongeze kahawa, akasema Mheshimiwa.

— Kikombe chako anacho mwenzio. Chupa iko tupu. Nikumiminie?

Akasema kahawa imemtosha.